Jina kwenye mfuko wa samaki

Siku Rigobert alipofariki nilikuwa natoa mikate kwenye friza ili samaki wake wapate nafasi. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili, saa nane mchana. Droo ya chini ilikuwa tayari tupu simu ilipolia. Alikuwa Bienaimé, mdogo wake, anayeishi kaskazini mwa Sweden. Alisema yaya, yaani kaka yake mkubwa, amerudi kutoka ziwani, akavua viatu, akaketi, moyo ukasimama. Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikafunga droo.

Kila mwaka mume wangu aliomba likizo kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi, akaenda kwa Bienaimé kuvua kwenye barafu. Wote wawili walikulia Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kule Kongo, kwenye mitumbwi na nyavu. Kule Sweden wanatoboa barafu, wanateremsha uzi mmoja, wanangoja. Kanuni za ziwa lile Rigobert alizinakili kwa kalamu akazibandika kwenye mlango wa friji yetu, hapa Laeken, Brussels, kana kwamba mimi ndiye nitakayekaguliwa.

Mtu mmoja asisafirishe zaidi ya trauti watano. Matumbo yatolewe palepale, lakini yasiachwe juu ya barafu. Kichwa, mkia na ngozi vibaki mpaka samaki afike jikoni nyumbani, ili mkaguzi ajue ni samaki gani na aweze kumpima urefu. Samaki wa kila mtu wakae kwenye mfuko wao, na juu yake jina. Mwaka mmoja Bienaimé aliwakata minofu kulekule ziwani, na mkaguzi akawafanya wapange vipande juu ya barafu karibu saa nzima, wakitafuta kipi ni cha nani. Rigobert alipenda kusimulia kisa hicho.

Bienaimé alifika Jumatano kwa gari, na frigobox, sanduku lao la plastiki la kubebea samaki kwenye baridi, ndani ya buti. Mwili ungefuata kwa ndege. Kwetu mjane anaketi kwenye godoro sebuleni na hagusi sufuria. Jikoni wanaingia wamama wengine. Maman Alphonsine wa kanisa letu alikuwa amekuja kutoka Ixelles na visu vyake mwenyewe, na ndiye aliyepokea samaki mlangoni.

"Za yaya ziko mu sachet ya jina yake," Bienaimé alimwambia.

"Bon, merci, papa. Enda ukae na wanaume."

Nilisikia. Nilitaka mfuko ule uingie kwenye droo niliyoitayarisha, ukae humo kama ulivyo, na mwandiko wake. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Lakini watu walikuwa wanaingia, wananishika mkono, na mimi nilikuwa kama mtu anayewaangalia kutoka chumba kingine. Nikadhani nitasema baadaye kidogo.

Halafu nikasikia visu vinakwangua magamba.

"Hii samaki haina hata harufu," mama mmoja alisema.

"Harufu itoke wapi? Ilizaliwa mu frigo."

Wakacheka, kisha wakakumbuka walipo, wakanyamaza.

Niliinuka. Mjane hainuki kwa ajili ya chakula, na wote waliniangalia. Jikoni kulikuwa na beseni moja. Samaki kumi walikuwa wamekwanguliwa, hawana vichwa, hawana mikia, vipande vimelala kwenye ndimu na chumvi.

"Maman Alphonsine, sachet ya Rigobert iko wapi?"

"Sachet? Zilikuwa na maji, nilizitupa. Rudi ukae, maman. Batu ni wengi, donc tunapika zote dix."

Niliangalia ndani ya pipa. Mifuko yote miwili ilikuwa humo. Kwenye mmoja wino ulikuwa umefutika. Kwenye mwingine lilisomeka jina la Bienaimé.

Yeye alikuwa amenifuata. "Ba maman, mulizichanganya?"

"Tulichanganya nini?" Alphonsine hakuacha kukata. "Ni samaki ya muntu na mudogo yake."

Hakukosea. Hata kanuni hakuivunja, kwa sababu samaki walikuwa wameshafika jikoni nyumbani.

Bienaimé aliinama juu ya beseni, akanionyesha kipande kinene. "Yaya alishika moja ya centimètres sitini. Inaweza kuwa hii."

"Inaweza?"

"Sijue, shemeji. Na mie nilishika moja kubwa."

Nilirudi kwenye godoro. Baadaye Alphonsine aliniletea sahani: foufou, mchuzi, na kichwa kimoja. Nyumbani kwetu kichwa kilikuwa cha Rigobert, hakuna aliyekigusa. Nililitazama jicho lake jeupe, lililoiva. Sikujua kilitoka kwenye mfuko upi. Nilikula chote, na sikumbuki ladha yake.

Rigobert tulimzika wiki iliyofuata. Mikate imerudi kwenye droo. Karatasi bado iko kwenye mlango wa friji. Kona moja imeachia na sijaibandika upya.

Jana Bienaimé alipiga simu. Aliuliza kama mwakani alete samaki. Nilimwambia alete. Atavua peke yake, na kanuni inamruhusu watano.