Nipe Mji

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Jumapili, kichwa cha Naelijwa Mbwambo kinagusa ukuta ulio nyuma ya benchi la mwisho. Mzee wa kanisa anasoma matangazo, na sasa amefika kwenye zamu za kupamba madhabahu. Naelijwa ametoka moja kwa moja kwenye kituo cha hali ya hewa, ambako tangu saa kumi na moja alfajiri amekuwa akisoma vipimo kila saa na kuviandika kwa kanuni aliyofundishwa chuoni: usichokiona, usikiandike. Anachokiona kutoka hapa ni visogo. Miaka kumi na mitano amesali na visogo. Mama Kiangi, mjane anayekaa benchi hilo kwa ajili ya kuwa karibu na mlango, anamnong'oneza, We Mama Tirza, leo usilale, mwanao anapata kipaimara, wazazi mtaitwa mbele. Silali, Mama. Jana Tirza alimuuliza, Mama, kesho utakuja kuniwekea mkono begani? Akamjibu, Mama mdogo atakuja. Tirza akasema, Mama mdogo sijamwomba. Ukuta unarudi nyuma kidogo, na Naelijwa anarudi nao.

Upande wa pili kuna barabara ya changarawe, imenyooka, na vitu havina vivuli ingawa jua liko mashariki. Mbele yake anatembea mtu mwenye shati jeupe. Naelijwa anaharakisha, anaona kisogo. Anamzunguka ili amwone usoni, na upande huo pia ni kisogo. Samahani kaka, barabara hii inafika kanisani? Binti yangu anakaribia kuitwa. Mtu anasema, Kitendawili. Mdomo wa Naelijwa unajibu wenyewe, kwa mazoea ya utotoni, Tega. Nguo nimeifua mimi, nimeianika mimi, imekauka. Mwenyewe bado anaificha uvunguni. Anafikiri. Shuka la mgonjwa. Siyo. Sanda. Dada, umekwenda mbali mno, siyo. Basi sijui. Hujui? Nipe mji. Na kwa kuwa mchezo ndivyo unavyokwenda, aliyeshindwa hutoa mji na mtegaji huuchukua kwanza ndipo afumbue, Naelijwa anasema, Chukua Tanga. Papo hapo barabara inaingia Tanga, lakini nyumba zote zina kuta za kioo, na katika kila kioo Naelijwa anajiona kwa nyuma, kisogo na fundo la kitambaa. Mtu anaingia mlango huu, anatokea ule. Nimekwenda Tanga, nimekula wali, nimelala, nimeamka, hakuna anayekujua. Huo siyo mji wako, nipe mwingine. Chukua Moshi. Barabara inajipinda, inaingia Moshi yenye vioo vilevile na fundo lilelile, na mtu anatoka akisema, Nako hawakujui. Chukua Dodoma. Kila mji anaoutoa unafutika nyuma yake, na barabara inakuwa ndefu zaidi kwa kiasi hicho. Anaanza kuhofu muda. Kaka, miji yangu imekwisha, na mtoto anaitwa. Haijaisha, anasema mtu, unao mmoja, umeukalia.

Anaujua. Ni Kisambiko. Huo siutoi. Kwa nini, una mashamba huko? Nimeuzoea. Mtu anacheka, na mabega ndiyo yanayoonyesha kwamba anacheka. Kisambiko ni kijiji chenye kanisa ambamo, akiwa na miaka ishirini na miwili na mimba ya miezi sita, Naelijwa alisikia jina lake likisomwa kwenye matangazo, kati ya mbuzi aliyepotea na mazoezi ya kwaya: Naelijwa Mbwambo ametengwa na Meza ya Bwana kwa kosa la amri ya sita. Jina la mwanamume halikusomwa. Tirza alipozaliwa, Naelijwa alitubu mbele ya usharika. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akasema, Kwa jina la Yesu Kristo umesamehewa, karibu tena kundini. Hayo ni kweli, yamo kwenye kitabu cha usharika pamoja na tarehe. Ni kweli pia kwamba mkoba wake ulikuwa umebaki kwenye benchi la nyuma, la waliotengwa. Alirudi kuuchukua, akakaa. Hakuna aliyemwambia akae, na hakuna aliyemwambia ainuke. Alipohamia mjini alilikuta benchi la mwisho bila kuonyeshwa. Msamaha aliuamini jinsi anavyoamini mvua iliyopimwa kwenye kituo kingine: imenyesha, imeandikwa, lakini haikunyesha kwake.

Nikikupa Kisambiko utafanyaje nao? Nitakaa. Wapi? Pale unapokaa. Watakusoma jina, kaka, kanisa zima litageuka. Najua watageuka. Ananyosha mikono ili apokee, na Naelijwa, ambaye kazi yake ni kutazama, anatazama. Mkono wa kulia una kovu la mviringo, upana wake kama sentimita moja, limetoboka upande hadi upande. Wa kushoto vilevile. Hamuulizi jina. Anasema kwa sauti ya kawaida, Chukua Kisambiko.

Kijiji kinatokea, kanisa likiwa mbele, nalo halina vioo. Mtu anaingia. Kutoka ndani linasomwa jina la Naelijwa na kosa lake, neno kwa neno, na sauti ya mtu yule inaitika, Nipo. Kisha inamfikia pale nje, kama mtu anayemalizia mchezo bila haraka: Nimekwenda Kisambiko, nimefika, wamenikalisha benchi la nyuma, wamenisoma mpaka mwisho. Sasa nakufumbulia. Mwenye nguo ni wewe. Nenda ukaivae, mtoto anaitwa.

Kiwiko cha Mama Kiangi kinamwingia ubavuni. Inuka, wewe! Tirza Mbwambo, wameshamwita mara mbili! Naelijwa anainuka, anachukua mkoba wake uliokuwa kati yao kwenye benchi. Viatu vyake vina vumbi la changarawe, lakini uwanja wa kanisa nao ni wa changarawe, kwa hiyo hilo halithibitishi chochote. Niachie mkoba nikushikie, anasema Mama Kiangi. Hapana, Mama, naenda nao. Utakwenda na mkoba madhabahuni kama unakwenda sokoni? Nakwenda nao.

Kutoka benchi la mwisho hadi mbele ni hatua thelathini na nne. Anaweka mkono wa kulia kwenye bega la Tirza. Mchungaji anawaomba wazazi na watoto wageuke, usharika uwaone, na Naelijwa anageuka. Kuna nyuso, mia mbili hivi, na nyingi hakuwahi kuziona ingawa visogo vya wenyewe anavijua kimoja kimoja. Kule mwisho Mama Kiangi anafuta macho kwa ncha ya kanga. Kando yake, mahali palipokuwa na mkoba, amekaa mtu mwenye shati jeupe. Mlango ulio kando yake uko wazi na mwanga ni mkali, uso hausomeki. Naelijwa hana kipimo cha kumwambia kama ameamka. Bega lililo chini ya mkono wake lina joto.

Saa tano na dakika tisa Tirza anasema bila kugeuza kichwa, Mama, umekuja na mkoba?

Nimekuja nao.