Magodoro ya Mashine ya Pili

Jumatatu saa mbili asubuhi, Samiha, mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha magodoro huko Changamwe, alipokea magodoro kumi na moja yaliyorudishwa na wateja. Akayapima unene, akayapima uzito. Yote yalikuwa sawa.

"Shikamoo, mzee. Lina kasoro gani?" alimuuliza Mzee Kombe, aliyelileta lake kwa mkokoteni kutoka Magongo.

"Marahaba, mwanangu. Godoro zuri, wallahi. Ila nikishalilalia tu, nakata sponji mpaka alfajiri. Nimesimama, mashine inanguruma, miguu imevimba. Naamka hoi."

Samiha akaandika kwenye safu ya kasoro: *mteja anafanya kazi usingizini*. Wale kumi wengine walisema vivyo hivyo.

Kwa wiki tatu alihesabu malalamiko na kutia nukta kwenye chati, moja kwa kila mashine kila siku. Nukta za mashine nyingine zilitulia chini ya mstari mwekundu wa kikomo. Za mashine ya pili ziliuvuka. Hapo alisimama Selpher, kibarua wa Chaani, kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, Jumapili ikiwemo.

"Dada Selpher, wateja wanaota wanakata sponji usiku kucha. Wewe unalala?"

"Nalala wapi? Nikilaza kichwa naendelea kukata." Selpher hakuinua macho. "Kumbe na wao wanakata? Waambie pole."

Samiha akaomba majaribio ya wiki mbili: Selpher afanye kazi saa nane tu kwa siku, na Jumapili apumzike. Nukta zikashuka. Mzee Kombe, aliyepewa godoro jipya la mashine hiyo hiyo, akapiga simu kusema amelala fofofo. Selpher naye alilala, na siku moja akasikika akiimba.

Kwenye mkutano wa uboreshaji, meneja, Bwana Mansur, aliitazama chati kwa makini.

"Umekitafuta chanzo mpaka umekipata," alisema. "Hongera. Lakini zile saa nne atakata nani?"

Akamrudishia Selpher saa zake kumi na mbili, na kazi ya Jumapili, akamhamishia kwenye mashine ya magodoro ya watoto wachanga.

"Na hao watoto, Bwana Mansur? Wataota."

"Wataota. Nani kati yao atakuja hapa kulalamika?"

Hakuja hata mmoja. Nukta zikalala chini kabisa, kiwanda kikatunukiwa cheti cha ubora, nacho cheti kikatundikwa mapokezi. Samiha aliandika barua mbili kwa wakubwa. Zote zilijibiwa kwa shukrani.

Jumamosi moja mchana alikwenda Mikindani kumtembelea binamu yake Mwanamkasi, aliyekuwa na mtoto wa miezi sita. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameamka kwenye godoro lake dogo lenye nembo ya kiwanda. Mwanamkasi akamsimamisha mapajani ili arukeruke, kama wanavyochezeshwa watoto wa umri huo. Mtoto akakunja magoti, akaangua kilio.

"Ndivyo alivyo huyu," Mwanamkasi alisema. "Akiamka hataki kusimamishwa. Anataka kukaa tu."

Samiha akampokea, akamkalisha mkekani, akaanza kumkandakanda nyayo.