Aliyeshika Ufunguo

Jedidah alikuwa amemdanganya binti yake kwa wiki kadhaa, na hakuona haya. Alimwambia kwamba anamtunza bibi kizee wa Kizungu huko Lewisville, Texas. Ukweli ni kwamba alikuwa akimlinda Kathure, mke wa Mzee Cheruiyot wa kanisani kwao. Waumini walikuwa wametangaziwa kwamba Kathure yuko Meru akimuuguza mama yake.

Kathure hakuwa Meru. Alikuwa ghorofani kwake, nyuma ya mlango wenye kufuli.

Jumamosi hiyo gari la binti yake, Wawira, lilikuwa gereji, kwa hiyo Jedidah alimpakia ili amshushe kwenye kituo cha treni ya Denton kabla hajaingia kazini. Msichana alikuwa na insha ya chuo ya kumaliza. Ilihusu riwaya moja ya Kiingereza ya enzi za Malkia Viktoria, yenye mke mwenye wazimu aliyefungiwa juu ya nyumba kubwa. Akaanza kuisema kwa sauti, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kama kawaida yake.

"Watu wanadhani mwandishi alitaka tu kutisha watu, Mum. Wakati ule mwanamke akiolewa, mali yake inakuwa ya mume. Akiugua kichwa, hospitali za wazimu zina sifa mbaya, so familia yenye uwezo inamficha nyumbani na kumlipa mtu amlinde. Wakaguzi wa serikali walikagua hospitali. Nyumba ya mtu binafsi hawakuingia."

"Kwa hivyo alimficha kwa huruma."

"Huruma, aibu, zote. Prof anataka nichague moja."

"Mwambie hajawahi kuuguza mtu."

Wawira akacheka. "Na mwandishi mwenyewe alikuwa binti wa kasisi. Alifundisha watoto kwenye nyumba za matajiri, akaishi humo kama mfanyakazi. Alijua nyumba kama zile zinaficha nini."

Jedidah alibadilisha njia, akalipita lori. "Na yule mlinzi?"

"Mlinzi gani?"

"Aliyeshika ufunguo. Alikuwa nani?"

"Ah, mtumishi tu. Analipwa vizuri, anakunywa, analala. Hakuna mtu anaandika insha juu yake."

"Mwishowe alipatwa na nini?"

"Sidhani kuna mtu aliuliza, Mum. Nishushe hapo kwa taa, mbele ya kituo."

Alimshusha. Kisha akakaa kidogo pale kituoni, injini ikiwaka, mkono shingoni. Ufunguo aliuvaa kwenye kamba moja na kitambulisho chake cha kazi.

Lenny, mtoto wa Kathure, alizaliwa salama. Baada ya muda mfupi mama yake aliacha kulala, akaanza kusema kwamba mtoto amebadilishwa, kwamba huyu si wake na wenyewe watakuja kumchukua. Asubuhi moja alitoka na gauni la kulalia akatembea kando ya barabara kuu, mtoto kifuani, magari yakimpita kwa kasi. Dereva aliyesimama kumchukua alikuwa mfanyakazi wa mumewe, ndiyo maana habari haikufika mbali. Cheruiyot, mwenye malori yake na kiti chake cha mbele kanisani, alitoboa mlango mwenyewe akatia kufuli la kufungwa kwa ufunguo ndani na nje.

Jedidah alikuwa na diploma ya uuguzi kutoka nyumbani Kenya. Alijua ugonjwa huu una jina na una dawa, na kwamba haungoji. Alimwambia Cheruiyot hivyo siku ya kwanza.

"Nikipiga simu wanakuja polisi," Cheruiyot alimjibu. "Unajua wanavyomshughulikia mtu mweusi anayepiga kelele. Na wakishamaliza naye, wanachukua mtoto. Tungoje tumweke Lenny wakfu, halafu nitampeleka kwa utaratibu."

Hofu yake haikuwa ya uongo. Jedidah alikubali, akapokea ufunguo. Ibada ya mtoto ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.

Jumamosi hii, baada ya kumshusha Wawira, alimkuta Kathure ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Chakula hakikuguswa. Alikuwa amekonda hadi pete ya ndoa ikahamia kwenye kidole gumba.

"Leo ni siku gani, Mama Wawira?"

"Jumamosi. Kula."

"Wewe ukienda huwa unafunga?"

"Nafunga."

"Sawa," Kathure alisema, kama mtu aliyeulizia saa.

Kabla ya adhuhuri, magari yalisikika nje, milango ikibamizwa, kicheko. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumpa pole Cheruiyot na kumwona mtoto. Hawakupiga simu kwanza, na mtu wa kwao hawezi kuwarudisha wageni mlangoni wakiwa wamebeba sufuria. Jedidah alimsikia Joyceline, kiongozi wao, akiuliza mtoto anakunywa maziwa gani, na Prudensia akisema chapati zisiachwe zikapoa. Sauti ya Cheruiyot ilikuwa juu kupita kiasi.

Wakaanza pambio.

Kathure aliinua kichwa. Halafu, akiwa pale pale sakafuni, akaingia na sauti ya pili. Aliimba vizuri, kwa nguvu, bila kukosea pumzi. Ilikuwa sauti iliyowaongoza wote wale Jumapili kwa miaka, na hakuna aliyekuwa chini ambaye angeichanganya na nyingine.

Wimbo ulisita. Sasa watapanda, Jedidah alifikiri. Sasa mmoja wao atauliza.

Joyceline alipandisha wimbo, wengine wakafuata, makofi yakazidi. Walikuwa wakiimba kwa nguvu ili wasimsikie.

Basi walijua. Labda tangu lile tangazo. Jedidah alijiona kama alivyoelezwa na mtoto wake ndani ya gari, mtumishi tu, analipwa vizuri.

"Vaa viatu," alimwambia Kathure. "Tunaenda hospitali."

Alifungua kufuli, akaacha ufunguo umening'inia humo pamoja na kitambulisho. Wakashuka ngazi wakiwa wameshikana mkono. Makofi yalikwisha moja moja. Prudensia alitabasamu kwa taabu.

"Mama Lenny, kumbe umesharudi. Habari za Meru?"

Kathure alimtazama. "Ni mbali," alisema.

Alimwona mtoto mapajani mwa Joyceline, akapiga hatua. Joyceline alimkumbatia Lenny kwa nguvu na kumgeuzia mwanamke mwenzake mgongo. Kathure alisimama hapo hapo.

"Sista Jedidah," Cheruiyot alisema polepole, "mrudishe juu. Ukimtoa kwa mlango huo, kitakachompata yeye na mtoto kiko juu yako."

"Kiko juu yangu tangu nilipochukua ufunguo. Chukua funguo zako za gari utufuate, au kaa na wageni."

Cheruiyot alimtazama Joyceline, kisha sahani. Akakaa.

Jedidah alimketisha Kathure kiti cha nyuma, akamfunga mkanda. Akaingia barabara kuu kuelekea Dallas. Hakujua huko watapokewa na nani, daktari au askari. Malori yalipita pande zote mbili. Kwenye kioo alimwona Kathure akiyatazama, kisha akauona mkono wake ukitambaa kuelekea kitasa cha mlango.

Jedidah alibonyeza kitufe. Milango ya nyuma ikalia, tak.

"Umefunga," Kathure alisema.

"Nimefunga."

"Hadi lini?"

"Hadi tufike."

Kathure aliutoa mkono kwenye kitasa, akaulaza mapajani. Baada ya muda akaanza tena sauti ya pili, chini chini, peke yake.