Jeki ya Kijiji

Mkono wangu wa kushoto ulivunjwa na hendeli ya kuwashia lori, ukaunga vibaya. Kufungua nati naweza, kubeba chuma kizito siwezi. Kijijini kwetu Rondo sikumwambia mtu. Fundi wa Landrova ya kijiji asiyeweza kubeba vyombo vyake angerudishwa kupalilia mikorosho, na gari lile nililipenda kuliko shamba lolote.

Kwa hiyo tulipokwenda Lindi na Landrova yetu kununua jeki, roho ilikuwa juu. Fedha alikuwa nazo mwenyekiti wetu, Valentini.

Dukani kwa Abdurahmani tulikuta jeki mbili za magurudumu. Moja kubwa kama ndama. Ya pili ndogo, nyepesi, lakini Landrova inainyanyua.

"Kubwa," akasema Valentini. "Watu wa Kilangala watakuja kuitazama."

"Ndogo inatosha, Ndugu Mwenyekiti. Karakana yetu ni mchanga mtupu. Magurudumu hayatembei mchangani, jeki itabebwa."

"Si utabeba wewe? Au umekuwa bibi harusi?"

Mwanaasha, tuliyekuja naye kuuza ufuta, akashuka garini, akasimama mlangoni na jasho lake.

"Jua linatuua huku! Hapa nje si mchanga kama kwetu? Mwenyekiti achukue yake, mimi nichukue hii ndogo. Itakayonyanyua gari kwanza ndiyo yetu."

"Wewe?" Valentini akacheka. "Haya, twende!"

Abdurahmani akatoa vipande viwili vya mbao vya kuwekea jeki. Watu wakaacha biashara zao, wakazunguka gari.

Mwanaasha alibana jeki kwapani kama kuku wa sokoni. Akaiweka juu ya ubao upande wa nyuma, nikamwonyesha pa kushikia, akaanza kupampu huku anaimba. Wanawake wakampigia vigelegele. Upande wa mbele Valentini aliburuta ile kubwa, magurudumu yakazama. Akanyanyua, akashusha, akavua kofia. Ubao aliupita mara mbili, jeki isipande juu yake.

"Mwenyekiti, ndama kagoma!" mtu akapiga kelele.

Gurudumu la nyuma likaachana na mchanga. Valentini akaketi juu ya jeki yake, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mwanaasha alipokuwa akijifuta mikono, nilimuuliza polepole kwa nini amejitia shida ile.

"Huo mkono nauona tangu msimu wa korosho," akasema. "Hukuniomba niseme, sikusema."

Jioni tuliingia kijijini, Valentini akashuka garini na ile jeki ndogo begani, anamwambia kila aliyetoka mlangoni, "Niliichagua mwenyewe! Nyepesi, ya kisasa!"

Mbele ya karakana akaninyooshea. "Shika, fundi."

Nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Haikuanguka.

"Adabu, wewe!" akafoka. "Kitu cha kijiji unakipokea kwa kushoto?"

Nyuma yake Mwanaasha alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.