Siku Tulipoipima Spika ya Mudathir

Mimi nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mbili, na kwaya ya parokia hapa Endagikot miaka ishirini na saba, na katika miaka yote hiyo aliyekosea alikuwa mwingine. Nawaambia mapema msije mkaniona mtu mpole.

Hata Pasaka ile, mwaka wa pili tangu tuitwe mkoa wa Manyara, aliyekosea alikuwa Loveness. Loveness ni mtoto wangu wa ubatizo, sasa ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, na ndiye mpiga kayamba wangu tangu akiwa darasa la sita. Tulikuwa tunaimba wimbo wa matoleo. Nikatupa jicho kushoto, namwona anatikisa kayamba kwa mikono miwili, lakini sauti hakuna. Hakuna kabisa! Misa ilipoisha nikamkamata nje ya kanisa mbele ya wanakwaya sitini.

"Umekuja kupiga kayamba au kupepeta ngano?" nikamwuliza.

"Nimepiga, mama."

"Unanibishia? Sikio halipiti kichwa, mtoto wewe! Lete hiyo kayamba."

Akanipa kwa mikono miwili. Nikaenda kuitundika ukutani sebuleni kwangu, na yeye nikamtoa kwenye kwaya.

Tangu siku hiyo Loveness akipita njia ya chini anasema, "Shikamoo, mama," na kuendelea na safari yake. Zamani asingepita bila kuingia jikoni kwangu na kufunua sufuria. Hata watoto wake wakaacha kuja. Nikasema potelea mbali. Lakini iliniuma, tena sana.

Kilichonisumbua zaidi ni wanakwaya. Watu wakikubaliana na wewe husema, "Kweli, mwalimu." Hawa walinyamaza, wakaangalia viatu vyao. Nikajua wanadhani nimemwonea. Basi nikachukua kanda iliyorekodiwa siku ile ile ya Pasaka, nikaisikiliza kwenye redio kaseti yetu. Kayamba hakuna. Nikaazima redio ya jirani, hakuna. Nikaenda mpaka Tlawi kwa binti yangu Angela, mwenye sabufa ya Kichina inayowaka taa nyekundu na bluu. Ikanguruma kama lori la viazi linapanda mlima, na kayamba hakuna. Mimi nikaona ushahidi umekamilika.

Ni mume wangu Nicodemo, mtu wa maneno machache, aliyesema, "Mama Angela, redio za siku hizi ni bure tu. Labda kayamba ipo, ila redio ndiyo haiwezi."

"Basi nitatafuta spika isiyodanganya," nikamjibu. "Na hiyo nayo ikisema hakuna, Loveness atakuja hapa aombe radhi, na maneno yaishe."

Ndivyo nilivyofika kwa Mudathir, fundi redio wa Dongobesh, mtu wa miaka arobaini hivi. Ukoo wao ni wafanyabiashara wa siku nyingi pale sokoni. Marehemu baba yake alikuwa na spika ya honi, ile yenye mdomo mpana kama ua la boga, iliyokuwa inafungwa juu ya Landrova kutangaza mikutano na minada. Sisi tuliokua enzi hizo tunaijua. Unaisikia ukiwa mlima wa pili, lakini ukiisogelea inakupasua kichwa. Mudathir aliipenda tangu utoto. Biashara ilipofunguliwa na sabufa zikajaa kila duka, wenzake walichangamkia taa, yeye akakaa na honi ya baba yake miaka mitatu, anaifungua na kuifunga. Mwisho akabakiza kile kipande cha nyuma kinachotoa sauti, na ule mdomo mrefu wa bati akautengeneza upya kwa mbao. Likawa kasha linalonifika kifuani, na ndani yake njia imekunjwa na kukunjwa kama utumbo wa mbuzi. Sauti inaingia nyembamba, inazunguka humo, inatanuka kidogo kidogo, ndipo inatoka mbele.

"Hii siyo ya mikutano, mwalimu," akaniambia. "Hii ni ya sebuleni. Tena haina ulafi wa umeme. Amplifaya ndogo na betri ya gari, unasikiliza wiki nzima. Lakini nani ataniamini? Watu wanataka taa. Nisaidie kitu kimoja. Niilete kwako uipime. Mbulu hii nani asiyejua masikio ya Mwalimu Benedikta? Ukisema ni nzuri, nitatengeneza nyingine. Ukisema ni mbaya, naivunja nachemshia chai."

"Nikisema mbaya ni mbaya. Mimi sibembelezi mtu."

"Ndiyo maana nimekuomba wewe."

Akaileta Alhamisi kwa pikapu, imeviringishwa blanketi. Tukahamisha kabati la vyombo ili ipate kona. Nicodemo akauliza kama wageni sasa watakuwa wanakaa juu ya spika. Nikamwambia anyamaze ashike upande wake.

Nikaipima kama ninavyompima mtu anayeomba kuingia kwaya. Kwanza aseme, kisha aimbe. Tukaanza na taarifa ya habari ya saa saba. Loo! Msomaji alitoka kwenye kasha lile akawa kama amekaa nasi, na nikashika kila neno, kitu ambacho redio zangu zilikuwa zimeninyima muda mrefu. Lakini nilipokaa karibu, sauti ilikuwa inatokea puani, inamfokea mtu. Nikamwambia Mudathir hivyo hivyo. Akasogeza kiti changu nyuma mpaka ukutani, na ule ukali ukaisha.

"Hapa kwangu ni hatua sita," nikamwambia. "Mwenye sebule ya hatua tatu je?"

Akatafuta karatasi, akakosa, akaandika kwenye kiganja.

Besi nayo nikaiona fupi. Ngoma kubwa ilikuwa safi, unasikia mkono unavyoshuka kwenye ngozi, lakini haikutikisa vikombe kabatini kama ile sabufa ya Angela. "Watu wa harusi hawataipenda," nikasema. Akajibu kwamba watu wa harusi wana spika zao. Kisha tukaweka kanda ya zamani ya kwaya, na hapo, jamani, nikakosa la kukosoa. Kila mwimbaji alisimama mahali pake, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma. Tena tuliisikiliza kwa sauti ya chini kabisa, mtu anaweza kumwomba mwenzake chumvi, na hakuna kilichopotea. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

"Mudathir, umefanya kazi," nikamwambia. Akacheka peke yake, akaifuta spika vumbi ambalo halikuwepo.

"Baba Angela," nikasema, "kamwite Loveness."

Nicodemo hakusimama. "Mama Angela, achana na hili."

"Siachani nalo. Spika isiyodanganya imepatikana. Kama miguu inakuuma nitaenda mwenyewe."

Akaenda. Loveness akaja na mikono yenye povu la sabuni, akanisalimia, nikaitikia marahaba, nikamwonyesha kochi. Hakukaa kwenye kochi. Alivuta kigoda akakaa mlangoni.

Mudathir akaweka kanda ya Pasaka. Ilikuwa kama nimerudi kanisani. Nikasikia sauti ya nne vizuri kuliko siku yenyewe, nikamsikia na Joakimu akichelewa mstari wa tatu, mtu ninayemfokea kila wiki kwa kosa hilo hilo. Ngoma ikaingia. Ikafika mahali pa kayamba, nikainua kidole, nikangoja. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita.

"Haya!" nikasema, nikawageukia. "Kwa spika kama hii, kayamba iko wapi?"

Nicodemo alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Loveness alikuwa ameinamisha kichwa. Na mguu wa Mudathir, ambao tangu ubeti wa kwanza ulikuwa unagonga sakafu mbio mbio, ukasimama ghafla.

"Mwalimu," akasema Mudathir polepole, "nadhani spika yangu ina kasoro. Zile sauti nyembamba za juu inazimeza. Njia nimeikunja vibaya. Niache niirudishe, nikaivunje."

Nikamtazama usoni. Mtu huyu amekaa na kasha hili miaka mitatu. Sasa hivi alikuwa analifuta kama mtoto wake. Hakuna fundi anayeitukana kazi yake namna ile mbele ya mteja bila sababu. Ningeweza kunyamaza, na nakiri kwamba nilitaka kunyamaza. Aende na spika yake mbovu, mimi nibaki na masikio yangu mazuri, na Loveness abaki mwongo.

Nikaenda ukutani, nikatungua kayamba, nikampa Loveness.

"Piga."

"Mama, tuache tu."

"Piga, nimesema!"

Akasimama, akapiga. Nilikuwa mbele yake, hatua moja. Niliona mikono inakwenda kushoto na kulia. Nilisikia vidole gumba vinagonga fremu, du, du, du. Lakini zile mbegu, ule mvumo wa mbegu ninaoujua tangu sijaota meno, haukuwepo. Kuku mwenye vifaranga aliyekuwa kizingitini akashtuka akatimua mbio. Yesu na Maria, hata kuku amesikia!

"Zidisha," nikasema.

Akazidisha mpaka jasho likamtoka.

"Unapiga?"

"Ninapiga, mama." Alikuwa analia, na mikono haikuacha kwenda.

Nikakaa chini. Niliogopa, sijui niseme vipi. Kwaya ndiyo maisha yangu, na mwalimu wa kwaya asiyesikia ni nani?

"Ulijua?" nikamwuliza Nicodemo.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Ndege wakiimba alfajiri uliniuliza mbona wamehama. Hawakuwa wamehama."

"Na ukanyamaza!"

"Ningekuambiaje, Mama Angela? Wewe unaishi kwa masikio."

Nilimtukana mume wangu siku hiyo. Nilimwita mnafiki na mengine ambayo siyarudii. Akaniacha nimalize, akaniletea maji ya kunywa. Nilipopumua nikamgeukia Loveness.

"Na wewe? Pasaka ile ulikuwa na watu sitini pembeni yako. Kwa nini hukuwaambia waseme kama wamesikia?"

"Wangesema wamesikia, mama," akajibu. "Na wewe ungeaibika pale pale, mbele ya watu wote. Nikaona heri nitoke mimi."

Nikamvuta, nikamkumbatia na povu lake la sabuni. "Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nimekuonea. Nisamehe." Akasema yameisha, lakini kwangu yalikuwa hayajaisha, kwa sababu nilimwaibisha hadharani na nilikuwa namwomba radhi sebuleni kwangu.

Mudathir alikuwa ameanza kukunja blanketi lake. Nikamwambia akae.

"Sikiliza, fundi. Ukiikaa karibu inafoka, na besi yake ni fupi. Mengine yote haina kosa. Juu huko inasema kweli tupu, mguu wako uliisikia kayamba. Usivunje kitu. Atakayekuuliza, mwambie mimi nimeipima nikaikubali."

"Na kama watauliza habari ya masikio, mwalimu?"

"Hiyo nitaisema mwenyewe."

Jumamosi mazoezini nikasimama mbele ya kwaya. Nilikuwa nimemtuma Nicodemo amlete Loveness kwa nguvu kama itabidi, naye akaja akakaa mwisho wa benchi la kushoto, kayamba mapajani. Sikuwafanyia utangulizi.

"Siku ya Pasaka Loveness alipiga kayamba," nikasema. "Mimi ndiye sikusikia. Masikio yangu yamekwisha kwa sauti za juu. Nilimfukuza mbele yenu, kwa hiyo ukweli nautaka mbele yenu. Aliyeisikia kayamba siku ile anyooshe mkono."

Hakuna mkono. Watu sitini, hakuna anayenitazama. Hasira ikaanza kunipanda, nikafungua mdomo niwafokee, halafu nikaelewa. Hawakuwa wananiogopa. Walikuwa wananisitiri, kama walivyonisitiri tangu siku ile.

"Nyoosheni, wanangu," nikasema. "Siyo utovu wa adabu. Mimi ndiye ninayewaomba."

Joakimu akainua mkono wake, nusu, ukaishia begani. Mwanamke mmoja wa sauti ya pili akafuata. Kisha benchi zima, kisha la nyuma yake, mpaka kanisa likajaa mikono, na wengine walikuwa wanajifuta macho kwa ule mwingine.

Mmoja tu hakuinua. Nikamwita, "Loveness, na wewe." Akatikisa kichwa, mikono yake yote miwili akaibakiza mapajani. Kanisa zima lilikuwa limekwisha kushuhudia kosa langu, na yeye bado hakutaka kuwa mmoja wao. Nikalia pale mbele, mimi Benedikta, na sikutafuta kitambaa.