Usukani wa Kushoto

Kile kifaa nilikileta mimi. Naanza na hilo, maana watu wa kwetu Ayivu wakisimulia habari hii humtaja shemeji Ayiko na ukaidi wake, kisha humtaja dada yangu Filda na upole wake, halafu hutikisa vichwa. Mimi fundi hawanitaji. Wananihurumia bure.

Naitwa Alionzi. Natengeneza umeme wa magari, nina banda langu mjini Arua, Uganda, na Ayiko ni mume wa dada yangu. Mtu huyo ameshika usukani miaka thelathini na moja. Aliendesha malori ya kwenda Kongo, baadaye gari la shirika moja, na alipostaafu akanunua kigari kidogo cha umeme, kilichotumika huko Japani, akawa anakichaji kwa sola zilizo juu ya paa lake. Majirani walikiita Bubu kwa sababu hakikuwa na mngurumo. Kila siku Bubu alikwenda Koboko na kurudi na abiria wa kukodi. Nyumbani Ayiko alikuwa mkavu, neno moja asubuhi na moja jioni. Ndani ya gari aliimba.

Mwaka jana presha ya macho ikamshika. Daktari alimweleza mbele yangu na Filda, bila kuzungusha: ugonjwa huu unakula pembeni mwa macho, na kilicholiwa hakirudi. Matone yatauchelewesha tu. Gari aache. Ayiko akaitikia kwa adabu, akatoka, akaendesha mpaka nyumbani.

Mwezi uliofuata kioo chake cha pembeni kilimpiga mwanamume aliyepakia muhogo kwenye baiskeli. Mtu yule aliangukia mtaroni, akainuka, akatukana, akaenda zake. Ayiko hakuwa amemwona kabisa. Alisikia kishindo tu. Alituambia kwamba siku hizi anaona barabara kama anachungulia kwenye bomba. Usiku huo Filda aliuchukua ufunguo wa gari akaufukia ndani ya debe la maharage, na Ayiko hakuuliza uko wapi.

Kwa miezi minne aliliosha gari lile. Kila asubuhi, ndoo mbili za maji na kitambaa, magurudumu, vioo, hata chini ya milango. Gari halikuwa limekwenda popote, halikuwa na tope wala vumbi la maana. Filda alikuwa akimtazama kutoka jikoni. Nami nikija kuwasalimia nilimkuta amechuchumaa anasugua, na moyo wangu uliniuma kiasi kwamba nilitamani kumpokonya kile kitambaa.

Ningeweza kumletea redio. Ningeweza kukaa naye tukapiga soga. Lakini mimi ni fundi, na fundi akiona huzuni hutafuta pa kuichomekea waya. Nikaona kwenye simu kuna kifaa unachokifunga wewe mwenyewe kwenye gari kama la Ayiko, kikaona mistari ya barabara, kikazungusha usukani, kikafunga breki gari la mbele likipunguza mwendo. Tena niseme kweli: nilitaka kuwa mtu wa kwanza huku kwetu West Nile kukifunga. Nikakiagiza.

Filda alinitolea ufunguo, na kazi ilichukua siku mbili. Nilibandua plastiki iliyo nyuma ya kioo cha ndani, nikachomoa soketi ya kamera ya gari, nikaichomeka kwenye kisanduku cha kile kifaa, nikapitisha waya mpaka chini ya usukani. Klipu mbili zilivunjika, nikazilaani klipu na aliyezibuni. Bando liliisha mara tatu kabla programu haijamaliza kupakuliwa. Kifaa chenyewe, chenye skrini ya ukubwa wa simu, nilikigandisha katikati ya kioo cha mbele. Kilikuwa na kamera ya kutazama barabara, na nyingine iliyogeukia ndani, ya kumtazama dereva usoni. Hiyo ya pili sikuitilia maanani. Mjinga mimi.

Kifaa hakifanyi kazi mpaka kijifunze kwanza barabara iko wapi. Unatakiwa ukiendeshe kwenye lami iliyonyooka, yenye mistari, wala usikimbie sana. Nilikiendesha mimi kwenye barabara ya Koboko, asilimia zikapanda polepole, na tulipopita Manibe zikatimia mia. Nikasimama kando. Nikampisha Ayiko.

Alibonyeza pale nilipomwonyesha. Usukani ukaanza kucheza wenyewe chini ya viganja vyake.

"Alionzi! Iko naenda yenyewe!" akapaza sauti, kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

"Mukono weka karibu, shemeji."

"Hii kitu naona mustari kuliko mimi!" Akacheka, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Akaanza kuimba. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote niliyowahi kupokea malipo ya kazi.

Wimbo haukufika mbali. Kifaa kililia, skrini ikawa nyekundu, sauti ya Kizungu ikamwamuru atazame barabara. Akainua uso. Kikatulia. Baada ya muda mfupi kikalia tena. Katika kilomita mbili kililia mara kumi, na mara ya mwisho kilipunguza mwendo, kikawasha taa za hatari, kikalisimamisha gari.

"Hii kitu natukana mimi," Ayiko alisema. "Mimi naangalia barabara tangu wewe uko mutoto."

Nilijua sababu palepale. Kwa kuwa hakuona pembeni, alikuwa akigeuza kichwa muda wote, kulia, kushoto, kulia, akikusanya barabara kipande kwa kipande. Kamera ya ndani ilimwona mtu ambaye macho yake hayatulii mbele, nayo ilikuwa imetengenezwa isimwachie gari mtu wa namna hiyo. Kifaa kilimwambia jambo lilelile alilomwambia daktari. Hapo ndipo ilinipasa nikichomoe, nikirudishe kwenye boksi lake, niombe radhi. Sikukichomoa. Nilisema tu, "Nitaangalia nyumbani."

Nyumbani Filda alitupakulia enyasa, ule ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde. Ayiko alikuwa ameikodolea macho sahani yake, nikadhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Alionzi. Ile kitu najua namna gani dereva iko nani?"

"Hapana jua, shemeji. Wewe naambia yeye usukani iko kulia ama kushoto. Basi naangalia mutu wa pale."

Akaacha kutafuna. Miaka mingi alivuka mpaka kwenda Ariwara, upande wa Kongo, na kwingine, ambako magari huwa na usukani kushoto na watu hushika mkono wa kulia wa barabara. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa tofauti hiyo, tunaiona kila siku ya soko.

"Sasa ambia yeye hii iko gari ya Kongo," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikamtazama dada yangu, kwa maana kwenye gari la Ayiko anayekaa kushoto ni abiria wa mbele.

Filda naye alielewa. Akaweka mwiko chini. "Baba Kevina, na shamba? Maharage yangu nani napalilia?"

"Kidogo tu, Mama Kevina. Mupaka macho yangu napona."

Wote watatu tulikuwa tumemsikia daktari. Nikangoja Filda akatae. Nilitaka akatae, ili nisilazimike kukataa mimi. Aliinuka, akaenda kwenye debe la maharage ambamo Ayiko alikuwa ameurudisha ufunguo mwenyewe baada ya majaribio, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa. Akauweka mbele ya mumewe, kando ya sahani. Alikuwa amemtazama akiosha gari kwa miezi minne. Nami nikatoka nje nikabadilisha ule mpangilio kwa kugusa skrini mara tatu. Mara tatu tu.

Basi kazi ikaanza. Ayiko aligeuza kichwa apendavyo, kifaa hakikumjali. Kilimtazama Filda. Yeye ndiye hakutakiwa kusinzia, wala kutazama dirishani, wala kugeuka kumjibu abiria. Akiinama kuchukua kitambaa, kililia. Akifuta machozi, kililia. Kilomita hamsini na kitu kwenda, na hizohizo kurudi, dada yangu ameikazia barabara macho kwa niaba ya mume wake, na akiona mbuzi au shimo anasema taratibu, "Mbuzi, kushoto," na Ayiko anakanyaga breki. Shamba likaota magugu. Jioni alikuwa akijilaza na kitambaa kibichi usoni.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda nao, kwa sababu joto lilikuwa limelegeza gundi ya kifaa, nikataka kukitazama kikiwa safarini. Nyuma nilikaa na Shamim, mfanyabiashara wa Kuluba, mbele ya Koboko, aliyekuwa anarudi na mizigo yake.

"Mama, bwana yako napenda wewe sana," Shamim alimwambia Filda. "Hapana acha wewe nyumbani hata siku moja."

Filda hakugeuka. "Ndiyo," alisema, akiitazama barabara. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tulimshusha Shamim Koboko, akapata boda ya kwenda kwake. Tukarudi gari tupu. Ilikuwa kama saa tisa mchana, jua kali, barabara nyeupe. Tulipokaribia Manibe, mwanamke mmoja alikuwa anavuka kutoka kulia, ameinama, anasukuma baiskeli yenye gunia la muhogo. Kifaa kilijua magari na mistari. Mwanamke aliyeinama nyuma ya gunia hakikumjua. Nilimwona, lakini Filda ndiye aliyewahi kupiga kelele.

"Simama! Simama, Baba Kevina!"

Breki zikashika. Nilijigonga kwenye kiti cha mbele. Mwanamke alipita mbele ya bampa, karibu kiasi kwamba gunia lilikwaruza taa. Hakututukana hata kidogo. Alitutazama tu, akaendelea kusukuma.

Ayiko alikuwa anageuza kichwa huku na huku. "Nini? Iko nini?"

Mwanamke alikuwa amekwisha kufika upande wa kushoto, nje ya lile bomba la Ayiko. Naye, Mungu amsamehe, aliona mbele kuko wazi, akabonyeza kitufe, kifaa kikashika usukani, tukaondoka.

Baada ya kilomita moja hivi kifaa kililia. Nikadhani gundi imeachia, nikainama mbele nikishikilie. Kilikuwa imara. Nikatazama kando.

Filda alikuwa amefumba macho. Hakuwa amesinzia. Aliyafumba kwa nguvu, paji la uso limekunjamana, mikono juu ya magoti.

"Mama Kevina," Ayiko alisema. "Fungua macho."

Skrini ikawa nyekundu. Ile sauti ya Kizungu ikamwamuru dada yangu atazame barabara.

"Mama Kevina! Gari nataka simama!"

"Hapana fungua."

Mwendo ukapungua. Taa za hatari zikawaka, tik, tik, tik. Gari likasimama katikati ya njia yetu, na lori lililokuwa nyuma likatupita likipiga honi ndefu.

"Fungua, mimi naomba wewe."

"Endesha," Filda alisema, macho bado amefumba. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kukuambia chakula kiko tayari. "Sasa mimi naona vile wewe naona. Endesha, twende."

Hakuna kilichomzuia Ayiko. Angeweza kukizima kile kifaa, akakanyaga pedali ya mwendo, akatupeleka mwenyewe. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na niliona mguu ukitafuta pedali. Nilitaka kusema kitu. Nilitaka kusema kwamba kosa ni langu, kwamba nitaendesha mimi, kwamba wote wawili wanisamehe. Nilikaa nyuma pale na bisibisi yangu mkononi.

Ayiko akatazama mbele. Akageuza kichwa kulia, akakirudisha kushoto, akageuza tena kulia. Jasho lilimtiririka shingoni. Kisha akauondoa mguu, akavuta breki ya mkono, akaiweka mikono yake juu ya mapaja.

Mlango wa dereva, kwetu huku, unafungukia katikati ya barabara, upande ambako magari yanapita. Aliushika mpini wa mlango, asiufungue.

"Mama Kevina," akasema polepole. "Mimi nataka toka. Gari iko nakuja?"

Dada yangu akafumbua macho. Kifaa kikalia mlio mdogo, skrini ikawa ya kijani, kiko tayari kwa safari. Hakukitazama. Aligeuka nyuma, akatazama juu ya bega langu, kupitia kioo cha nyuma, mpaka mwisho wa barabara.

"Ngoja," akasema.

Boda ikapita, na nyuma yake pikapu.

"Sasa. Toka."