Vidole vya Mama Tumpale

"Soksi haitoki, nesi," alisema Mzee Yesaya, na alisema akitabasamu, kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia na viatu vya tope.

Gwantwa akailowesha kwa maji ya chumvi. Ilipotoka, ilitoka na ngozi. Unyayo mzima ulikuwa umebabuka, mbichi. Miguu ya wagonjwa wa kisukari alikuwa ameshaiona mingi hapa Tunduma, ya madereva na ya wauza mitumba, lakini huu ulimkata maini. Mwezi uliopita tu ulikuwa mzima, akausifia mbele ya kliniki nzima.

"Baba, umeungua na nini?"

"Kuungua? Mimi? Wala sijasikia kitu."

Mkewe, Mama Tumpale, akajikunyata kwenye benchi. Kule kijijini kwao Mbebe baridi ya mwezi huu haina simile, akaeleza. Jioni humchemshia mzee maji na kumwosha miguu, kazi ambayo hajamwachia mtu tangu aolewe.

"Na maji uliyapima, mama? Si tulisema mzee asiyapime kwa mguu, umpimie wewe?"

"Nilipima! Nilizamisha mikono yote miwili. Yalikuwa vuguvugu tu." Machozi yakamlenga. "Mimi nimchome mume wangu?"

Gwantwa alikuwa ameshafungua mdomo amkaripie. Akaiona ile mikono juu ya kanga. Ncha za vidole zilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, na mama anayafikicha bila hata kukunja uso. Miaka yote mama huyu amekuwa akimsindikiza mumewe kliniki, na hakuna aliyewahi kumpima yeye sukari.

"Mguu tutaupigania, baba," alisema Gwantwa. "Ila lazima awepo mtu wa kuukagua na kuushika kila siku."

"Si mama yupo?" Mzee akacheka. "Huyu ndiye miguu yangu."

Gwantwa akachukua ule uzi mgumu wa kupimia kama nyayo za wagonjwa bado zina hisia.

"Mama, hebu fumba macho. Nikikugusa kidole, niambie."

Akagusa kidole gumba. Akagusa cha shahada. Cha kati akakibonyeza mpaka uzi ukapinda.

Nje, lori lilipiga honi kwenye foleni ya mpakani. Mzee Yesaya aliutazama uzi, akautazama uso wa mkewe, na tabasamu likamfutika usoni.

Mama Tumpale alikuwa bado amefumba macho, mikono ameinyoosha mbele, anangoja.

"Mbona huanzi, mwanangu?"